Binti wa Luteni Tafadhali

Mbale

Baba mpendwa,

Nakupigia saluti yetu ya nyumbani, ile ya mkono wa kushoto inayomchekesha Mama. Goti lako linaendeleaje? Natumaini kwa kuwa sasa umestaafu unalipumzisha, hulichoshi kwa kuzunguka nyumba hapo Mafubira kila asubuhi kana kwamba unakagua gwaride. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya baridi ya huku mlimani.

Nimepata barua yako. Unasema hutakuja siku ya wazazi kwa sababu watu wa Mbale walishaona wanajeshi wa kutosha. Nilihuzunika, lakini nilidhani una haki. Hapa shuleni wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari tu; kikinitoka, wasichana wa bweni huinua mikono juu: "Afande, usitupige!" Wanacheka, nami nacheka, kisha narudi kwenye kitabu changu. Sijawaeleza kwamba kwetu ndiyo lugha inayotukutanisha, maana wewe hujui Kisoga wala Mama hajui Kiteso.

Jumamosi nilikwenda mjini na rafiki yangu Nambozo kununua sabuni, kwenye duka moja karibu na msikiti. Mwenye duka, Mzee Twaha, alikuwa akipima sukari. Nikasema, "Tafadhali, Mzee, naomba sabuni, mche mmoja."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe mtoto ya nani? Hii Kiswahili ni ya kambi, lakini iko na tafadhali ndani!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nambozo, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akajibu, "Baba yake ni kanali." Wateja wakarudi nyuma hatua moja. Mzee akauliza jina lako, nikalitaja kwa sauti ndogo.

Akaiacha mizani ikining'inia. "Hadija! Njoo uone mtoto ya Luteni Tafadhali!"

Baba, kumbe ndivyo walivyokuita, na hukuwahi kutuambia! Mzee Twaha alisema miaka ile ulipokuwa luteni hapa Mbale, askari alikuwa akionyesha kitu kwa mtutu wa bunduki, kisha anakichukua. Wewe ulisimama foleni nyuma ya akina mama, kofia mkononi. Na siku askari wako walipobeba gunia lake la sukari, uliwaamuru walirudishe, kisha ukawatoa nje waingie upya kwa hodi. Mama Hadija, mkewe, aliwaigiza kwa sauti ya kuruta mwenye njaa, "Hodi, mama, tafadhali!" hadi duka zima likacheka.

"Halafu wakubwa wakamhamisha," Mzee akasema. "Hatukumwona tena. Hata asante hatukumpa."

Nilikuwa nikikuuliza mbona wenzako walipanda vyeo upesi, wewe ukabaki luteni miaka mingi. Ulikuwa ukijibu kwamba nyota ni nzito mabegani. Sasa sitauliza tena.

Mzee anasema asante yako bado iko dukani, pamoja na chai. Nambozo amesimulia bweni zima. Wasichana hawajaacha kunitania, ila sasa wanapiga hodi kitandani kwangu.

Nisalimie Mama na kuku wake, Shangazi anayeuza samaki soko la Jinja, na Koplo aliyekuwa dereva wako. Mwambie bado nafunga viatu kwa fundo lake.

Siku ya wazazi nitasimama getini. Acha magwanda kabatini, vaa shati lile jeupe, uje Mbale.

Tafadhali.

Binti yako,
Amongin