Joto la Saa Nane

Mlola, 7 Oktoba 1976

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila ukungu hautuachi. Ninyi na vumbi lenu la Dodoma je?

Mama aliposikia mtoto mmempa jina lake, Raheli, alicheka mpaka akakaa chini. Anamletea blanketi zito kwa mkono wa Mzee Tobia. Ameniambia niandike, nami ni kalamu tu: mtoto asifunuliwe wala asitoke nje mpaka atimize siku arobaini, na madirisha yafungwe, maana upepo ndio unaoua wachanga. Ndivyo alivyotulea sisi saba, hakuzika hata mmoja. Usibishe, unamjua.

Mdogo wako,
Yunis

Dodoma, 25 Oktoba 1976

Mdogo wangu Yunis,

Marahaba. Tu wazima. Mpe mama shikamoo yangu, blanketi limefika.

Huku mji mkuu mpya unafyeka pori kwa greda. Kazi yangu ni kupima joto la ardhi kila siku saa nane mchana. Jana chini ya mti wa mgunga palisoma nyuzi 34. Hatua hamsini tu kutoka hapo, kwenye lami, 58. Mwaka jana hapo hapo pakiwa pori palisoma 36. Naandika, napeleka ofisini, hakuna anayeuliza.

Nyumba tuliyopewa ni ya bati, uwanja hauna hata mti wa kufungia mbuzi. Klara analalamika mtoto anatoka jasho. Nimemwambia mke wangu, mama anajua kuliko wewe. Tumefunga madirisha.

Kaka yako,
Fanueli

Dodoma, 6 Novemba 1976

Yunis,

Poleni na kazi. Raheli ametutoka Jumanne kwa homa. Tulimzika Jumatano. Mwambie mama asisafiri.

Ukurasa huu wa pili ni wako peke yako. Haikuwa homa. Daktari aliuliza tulimfunika nini, nikamwonyesha blanketi. Alisema ni joto. Zilibaki siku tano zitimie arobaini. Ardhi ya watu naipima kila siku, chumbani mwangu sikupima. Klara haongei nami. Ijumaa nimerudi kazini, lami ilisoma 57. Mama asijue, itamuua.

Kaka yako,
Fanueli

Mlola, 12 Desemba 1976

Kaka,

Shikamoo, na pole tena. Klara amekula?

Nilimsomea mama ukurasa wa kwanza tu. Alilia wiki nzima, kisha akaanza kunitayarishia mimi blanketi la mtoto. Mume wangu Mika amehamishiwa Mazinde, nami najifungua Februari. Unajua joto la kule chini. Mama akasema atateremka nami, afunge madirisha mwenyewe, safari hii mtoto asipigwe na upepo.

Nisamehe, kaka. Nilimsomea ukurasa wa pili. Alitaka niurudie, nikaurudia. Hakulia. Alikwenda kupalilia maharage mpaka jua likazama, akarudi akaniambia niandike: "Mwambie Fanueli nimemuua mimi, asimlaumu mkewe." Nimeandika kama alivyosema.

Nilimwambia hakujua. Akaniambia nyamaza.

Yunis

Mazinde, 2 Machi 1977

Kaka,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, hujajibu hata moja. Nimepata mvulana, analala uchi mlango wazi, ni mzima.

Juzi mama aliteremka kumwona. Alisimama kizingitini. Nikamnyooshea mtoto, akaficha mikono nyuma.

Mwandikie wewe, kaka. Mimi hanisikii.

Mdogo wako,
Yunis