Wembe wa Kumaliza Matanga Yako

Baba Kemilembe, mume wangu,

Mama yako ameomba kunyolewa. Maana yake unaijua, kwa kuwa ni ninyi mlionifundisha nilipoolewa hapa Kibingo: kwenu mwenye msiba haguswi na wembe mpaka matanga yamalizwe, na siku akinyolewa, basi, aliyekufa amekufa. Tangu mtumbwi wenu upinduke kule mto Kagera, mama yako na mimi tumekaa na nywele zetu. Yeye alikuwa tayari zamani. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema hatumalizi matanga ya mtu ambaye maiti yake haikuonekana, na nilisema kwa ukali, unanijua.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha masista. Nikianza kwa Kinyambo nitalia, na karatasi ninayo hii moja tu.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu kuposa? Kidevu kitupu, kinang'aa, baba akakutazama akauliza, "Huyu ni mwanamume au ni mtoto wa katekisimu?" Wenzako wakainamisha vichwa. Wewe ukatoa mashine yako ya kunyolea mfukoni mwa koti, ile ya shaba, ukamwomba akukabidhi mashavu yake. Baba alikuwa amezoea wembe wa mhunzi, ule wa kunyolewa huku machozi yanamtoka. Chini ya mkono wako akasinzia. Alipoamka alijipapasa kidevu, akatafuta maneno, mwisho akasema, "Mleteeni mgeni kahawa ya kutafuna." Kahawa hiyo kwetu hapewi mtu wa kufukuzwa; mimi nilikuwa nyuma ya mlango nacheka, nikajua nimeshaolewa.

Sikujua kwamba naolewa pamoja na mkebe mzima. Wanaume wengine walikusanya ng'ombe, mume wangu alikusanya mashine za ndevu. Moja uliiokota kwenye machimbo ya bati, Mzungu kaitupa kwa sababu mpini umepinda. Nyingine ulibadilishana na mwenye duka pale Omurushaka kwa mkungu wa ndizi niliokuwa nimeutunza kwa ajili ya wageni, na siku hiyo tulilala kila mtu na ukuta wake. Nyingine ilifunguka juu kama mlango wa mbao mbili, ukawa unaifungua na kuifunga, kuifunga na kuifungua, mpaka nikakuambia itachoka. Ukazipa na majina. Kigugumizi, kwa kuwa ilirukaruka shavuni. Padre, nzito na taratibu. Na Shangazi, ile ya shaba, kwa upole wake.

Jumapili baada ya misa uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wanaume walikaa kwenye gogo, povu la sabuni ya kufulia usoni, hata mkorofi akawa mpole kwa kuwa hawezi kufungua mdomo. Uliwapaka shabu ya kukausha damu mahali palipokwaruzika, wakavuta pumzi kwa meno, ukawacheka. Mimi nilikuwa nanung'unika juu ya maji yangu ya kisimani yanavyokwisha. Nilipenda, lakini sikukuambia, nilidhani unaona.

Kisha vita vya Wazungu vikamaliza nyembe madukani. Ukawa unanoa wembe mmoja ndani ya glasi, unausugua kwa kidole huku na huku kwenye ule mviringo, mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndipo ukasikia kwamba ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, kuna duka bado linazo. Nilikuambia watu wafuge ndevu, mbona padre mwenyewe anazo na Mungu anamsikia. Ukasema, "Mama Kemilembe, mtu akija na uso wake kwangu nimrudishe hivyohivyo?" Ukaondoka.

Wenzako walitoka majini. Walikuja kuniambia wakiwa wamevaa nguo za kuazima. Nikawaambia labda umetokea chini zaidi, labda umeokotwa na wavuvi, labda umeumia unauguzwa mahali. Nimeyasema hayo miaka. Na hukujua kuogelea, Baba Kemilembe. Hata kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe uliishia magotini. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado nilingoja.

Wakati mwingine nakukasirikia. Nyembe. Si ng'ombe, si mtoto mgonjwa, nyembe.

Sasa mama yako hali tena, anaonja uji tu. Kaka yako alikuja akakaa pale kizingitini, akasema kwa upole, "Shemeji, mwachie mama apumzike." Nikamwambia mimi sijamshika. Basi juzi mama akaniita mwenyewe.

"Mwanangu, sitaki kwenda kwa baba yenu na nywele za msiba. Ataniuliza mtoto wetu yuko wapi."

"Mwambie yuko njiani."

Akanitazama kwa yale macho yaliyokwisha kuingia ndani. "Njia ipi, mwanangu?"

Nilitoka nikaenda migombani, nikakaa chini kwenye majani makavu, na kila njia niliyoijua niliitembea kichwani hadi mwisho wake. Hukuwapo.

Leo asubuhi nimemnyoa. Kaka yako alileta mtu na wembe wake, mama akakataa. Akataka Shangazi. Nikaunoa ule wembe wako ndani ya glasi, kidole changu kizito, lakini wembe ukakubali. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiwaambia waliotaka kujaribu: usikandamize, uzito wake unatosha. Sikukandamiza. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zikawa zinadondoka kwenye jani la mgomba bila sauti, na fuvu lake likaonekana dogo, kama la Kemilembe alipozaliwa. Kemilembe alishika beseni, akawa anatazama maji.

Nikadhani tumemaliza. Mama akasema, "Haya, keti na wewe."

Nikamwambia mama kwamba kaka yako ataninyoa. Akasema mjane hunyolewa na mjane. Hajashika hata kijiko tangu mwezi uliopita, lakini aliishika mashine. Alinikata mahali pawili. Sikujitikisa. Damu ilipita nyuma ya sikio, naye akawa anaendelea polepole, anapumzika, anaendelea, mpaka nilipohisi upepo kichwani pote. Akanifuta kwa kiganja. Miaka yote hii ameniita mwanangu, hata siku nilizomjibu vibaya. Leo akaniita jina jingine.

"Karibu, mwenzangu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Watu wakaanza kupika, majirani wakaja na vibuyu vya rubisi ya ndizi, kaka yako akashukuru kwa niaba ya ukoo. Wananiambia sasa nitapata nafuu. Sikudanganyi, siioni. Kukungoja ilikuwa kazi yangu, niliamka nayo na kulala nayo, na leo nimeachishwa. Mto haukuwahi kukuchukua mpaka leo asubuhi, na aliyekupeleka ni mimi, nimekaa kimya kwenye kigoda, nimeinamisha kichwa.

Kwa heri, Baba Kemilembe. Kuanzia leo, nikisikia hatua za mwanamume uani, nitajua ni mtu mwingine.

Mjane wako,
Mama Kemilembe