Mliyemzika Amefika Kwangu kwa Miguu Yake

Nyansiongo, kwenye mashamba ya wazungu

Makori mwanangu,

Ungekuwa karibu ningekupiga na mwiko wa ugali, hata na mvi zako hizo, na mkeo akitazama. Mtu gani anaziba lango kwa miiba na kumwacha mtoto wake nje ya ua siku tatu, anamsukumia chakula kwa fimbo kama mbwa mwenye kichaa? Nimeyasikia yote. Usihangaike kutafuta nani amenipasha habari. Ni yule yule mliyemsukumia chakula.

Haya, sasa nakusalimu. Hamjambo huko Marani? Mgongo wa mkeo Bosibori umepata nafuu? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado mnamkodolea macho? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limekuwa la mtu mwingine. Dada yako Kemunto ninayekaa kwake hajambo, na mumewe bado anakamua ng'ombe za mzungu, mikono imepasuka kwa baridi. Huku baridi inauma masikio, na karibu kila alasiri mvua inakuja na ngurumo. Mawe ya mvua yanapiga bati la zizi mpaka hatusikizani. Hiyo ngurumo nitaisema tena, maana ndiyo inayotutesa.

Utauliza kwa nini nimekuandikia Kiswahili, mama yako ambaye hata sokoni anapenda kutukana kwa Ekegusii. Herufi chache nilizo nazo nilizipata misheni kwa Kiswahili, hiyo ni moja. Lakini sababu kubwa ni mtoto wako Nyakundi. Tangu siku aliyofika hapa hataki Ekegusii. Nikimsemesha ananitazama kama ukuta. Anasema Ekegusii ni ya yule aliyezikwa, yeye amebakiwa na hii ya jeshi. Basi naandika kwa lugha anayoikubali, aisome mwenyewe kabla sijaifunga, asije akasema bibi yake anamteta kwa siri.

Sasa sikiliza alivyofika. Nilikuwa nimekaa nje napukuchua mahindi, jua liko juu. Nikaona mtu anakuja kwenye njia ya ng'ombe, amevaa kabuti la jeshi kwenye joto lote lile, shanta mgongoni. Nikajua mwendo. Mwendo wa marehemu baba yako, ule wa kutupa mguu wa kulia, ambao Nyakundi aliurithi. Nikaingia ndani, nikachota majivu mekuni, mengine bado yana moto, nikatoka nayo kwenye kibuyu.

Akasema, "Magokoro, ni mimi. Nipe maji."

Mimi nikammwagia majivu usoni, Makori. Mimi, bibi yake niliyembeba mgongoni alipokuwa na surua. Nikapiga kelele, "Rudi ulikotoka! Tulikulaza vizuri, unataka nini tena?"

Hakukimbia. Hakujifuta hata. Alisimama na majivu kwenye kope, akasema, "Hata wewe." Kisha akakaa chini pale njiani, akavua buti, nikaona miguu yake imetoka damu. Mtu aliyekufa hatoki damu miguuni. Ndipo nikaleta maji. Lakini nilikuwa nimechelewa. Tangu hapo hajaniita bibi, hajaniita Magokoro. Ananiita "mama mzee", kama anavyomwita mwanamke yeyote wa njiani.

Kwa hiyo usifikiri nakukemea kwa sababu mimi ni safi. Nakukemea kwa sababu mimi na wewe tuna kosa moja, na mimi angalau nimefungua mlango.

Tuseme ukweli, maana tuko wawili tunaojua. Nani alichagua mgomba? Ni mimi. Wewe ulitaka ule mwembamba wa kando ya choo, nikakataa, nikasema mjukuu wangu hawezi kuzikwa kama mtu wa ovyo. Nikachagua ule mnene wa nyuma ya jiko. Wewe ukaukata, mimi nikauvika shati lake la shule na kuufunga kwa blanketi. Ndivyo tunavyofanya mtu wetu akifia mbali na mwili usirudi, shina la mgomba linalala mahali pake ili asitangetange. Lakini wazee hungoja barua ya serikali. Sisi hatukungoja. Yule askari wa mlima wa pili alikuja likizo, akasema sokoni ameona chelezo ya kina Nyakundi ikipinduka mtoni huko Burma chini ya risasi. Wiki hiyo hiyo mtoto wako mdogo akashikwa na homa, akaanza kuweweseka, na wewe ukasema ni kaka yake anatafuta pa kulala. Tukazika. Mkabomoa saiga yake, nyumba yake ya ujana, mkatumia nguzo kwa banda la mbuzi. Ukaweka msalaba na kuandika jina kwa lami. Mdogo akapona, na sisi tukasema, unaona.

Ndiyo maana unaogopa. Nakujua, nilikuzaa. Unafikiri ukiufukua ule mgomba homa itarudi kwa mdogo. Hata mimi naogopa. Ogopa, lakini ogopa ukiwa umeshika jembe.

Nyakundi ameuona huo msalaba. Ulijua? Zile siku tatu alizokaa nje ya ua, mlipokuwa mnabishana kama apitishwe kwenye upenyo wa nyuma kama maiti inayorudishwa au afukuzwe kabisa, yeye alizunguka kwa upande wa shamba akasoma jina lake kwa mwandiko wa baba yake. Anasema uliliandika vizuri.

Siku moja tulikuwa tunachambua mboga za chinsaga, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama mzee, mlinizika lini?"

Nikamwambia ni wakati wa kuvuna wimbi, yale mavuno yaliyopigwa na mvua ya mawe.

Akahesabu kwa vidole, miezi ya huko na miezi ya huku. Kisha akasema wakati huo alikuwa amelala ukingoni mwa mto chini ya wenzake wawili, wote wamekufa, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwasukuma. Alilala hapo mchana wote na kesho yake. Alikuwa ameshakubali, amefumba macho. Halafu akasikia mwanamke mzee analia na kutaja jina lake, akakasirika kwamba kuna mtu anampigia kelele, akajivuta akatoka.

Unakumbuka nani alilia pale kaburini mpaka sauti ikakauka. Mimi sisemi ni mimi aliyemsikia. Sisemi si mimi. Lakini tangu aniambie hayo silali vizuri, na nikipita karibu na mgomba wowote nageuza uso. Yeye naye anasema labda yule askari wa likizo aliona sawasawa, labda ni kweli alibaki mtoni, na hiki kinachotembea ni kabuti tu. Anasema bila kulia. Ningefurahi akilia.

Ukimwita jina haitiki. Mumewe Kemunto alimwita, "Nyakundi, njoo ushike ndama," akapita kana kwamba ameitwa mtu mwingine. Ukisema "askari!" anasimama wima, mikono imenyooka. Na ngurumo ikianza, anakimbia nyuma ya zizi. Amechimba handaki huko, refu kama mtu. Anaingia, anajikunja, maji ya mvua yanamfika kiunoni. Mara ya kwanza nilimfuata nikamwambia atoke, akaniangalia kama hanijui. Na mimi nikaona lile shimo, urefu wake na upana wake, nikajua nimeliona mahali.

Wanawake wa hapa shambani walianza kama watu wa Marani. Walivuka njia wakimwona. Nikawasimamisha kisimani nikawauliza, "Nyinyi si ndio mliokuwa mnapeleka mayai na kuku barazani kwa ajili ya askari? Mlidhani mnalisha nani, picha?" Sasa kila asubuhi wakienda kukamua wanamsalimu kwa jina lake. Haitiki. Wanasalimu tena kesho. Kemunto anasema nimewatia hofu. Sawa, wamsalimu kwa hofu, mradi wamsalimu.

Lakini aliyesaidia zaidi ni Okelo, mtu wa ziwani anayetengeneza magurudumu ya mikokoteni hapa. Alikuwa kwenye vita hiyo hiyo, aliacha mkono mmoja huko. Alikuja siku ya mvua akaniuliza, "Afande yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akaingia handakini na nguo zake, akakaa kwenye maji karibu naye mpaka ngurumo ikapita. Kisha wakaja mekuni wote wawili wanatetemeka, nikawapa chai. Nyakundi akasukuma kikombe, akasema yeye ni mtu aliyezikwa.

Okelo akasema, "Vizuri sana. Maiti hanywi chai. Lete hicho kikombe, mimi bado nina kiu."

Akakivuta kweli. Na Nyakundi akakishika! Wakavutana kikombe kama watoto, chai ikamwagika kwenye goti langu bovu, nikawatukana wote wawili. Nyakundi akacheka. Kicheko kimoja tu, kifupi, lakini nilikisikia.

Baadaye Okelo alinieleza kwamba yeye alipokuwa anarudi, watu wake walitoka kijiji kizima wakamngoja njiani mbali na nyumbani. Walimshika ule mkono uliobaki, mmoja mmoja, hata watoto, hata mtu aliyekuwa na ugomvi naye. "Bila hiyo ningejitupa ziwani, mama," aliniambia, huku anapiga msumari. Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema.

Sasa wewe na watu wa Marani. Mlipompeleka vitani mlifanya nini? Nilikuwepo. Ngoma barazani, wazee wanampaka sifa kama samli, chifu anasema watoto hawa ni ngao yetu. Ukavaa kofia ya marehemu baba yako. Amerudi, mnamtazama kwenye matundu ya ua. Wanawake waliacha ndizi zao sokoni wakakimbia. Na kanisani, mzee wa kanisa, yule mwenye sauti kama fahali, kila Sabato anaimba habari za wafu kufufuka. Mmoja amekuja amefufuka na shanta mgongoni, yeye amekimbilia kwenye shamba lake la kahawa! Mwambie nimesema hivyo. Msomee.

Nimeongea na Nyakundi. Nilimwuliza kwa Kiswahili changu kibovu, "Utarudi nyumbani?" Akafikiri sana, akasema, "Aliyenizika anifukue. Nitasimama nitazame." Mimi nimelichukua neno hilo kuwa ndiyo. Lakini nakwambia, Makori, akifika akakuta upenyo wa nyuma na miiba langoni, hatarudi kwangu wala hatabaki kwako. Atakwenda kwenye mto wowote atakaouona kwanza. Nimemwangalia usoni, najua ninachosema.

Msalimie Bosibori, mwambie simchukii kwa ile fimbo, najua aliogopa mpaka chakula kikamwagika, Nyakundi aliniambia. Msalimie mjukuu wangu mdogo aliyepona homa, asiambiwe kwamba uzima wake unatokana na kifo cha kaka yake. Msalimie dada yangu wa ng'ambo ya mto, yule anayesuka vikapu, aje siku hiyo hata kama miguu imevimba. Na yule askari wa likizo, kama yuko, msalimie pia. Aliona alichoona. Mwambie aje amshike mwenzake mkono.

Mchuuzi wa kuku anayeleta barua hii atafika kwako kabla ya Sabato. Sisi tutaondoka Jumapili, Okelo anatusindikiza, tutalala Nyamira kwa sababu ya goti langu. Jumatatu adhuhuri tutakuwa njiani kwenye ule mteremko wa sokoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Tangaza kanisani na sokoni, watu wote waje wamngoje kwenye mteremko, waliopiga ngoma kwanza. Wamshike mkono mmoja mmoja, na atakayeogopa ashike hivyo hivyo. Ule msalaba uondoe mwenyewe leo, usimtume mtu. Nguzo za saiga zitoe kwenye banda la mbuzi, nyumba isimame, hata bila nyasi. Kaburi usiliguse mpaka tufike. Utalichimba wewe, kwa jembe lako, mchana, mbele ya watu, na yeye amesimama. Mtakuta udongo tu, mgomba umeshaoza. Autazame huo udongo mpaka atosheke, ndipo ufukie, na wewe uanze kumwita jina lake. Asipoitika, mwite. Mkeo achukue zamu, kisha mimi.

Ni mimi mama yako Nyaboke, niliyekuzaa na ambaye bado ninazo nguvu za kukuchapa. Nyakundi ameisoma barua yote. Sasa amekwenda kupaka buti zake mafuta.

Weka barua hii chini sasa, Makori, chukua panga, uende ukaitoe ile miiba kwenye lango kubwa.