Mikorosho ya Bi Somoe

Saidi mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Hapa Nanyamba tu wazima, bibi yako ananuna kama kawaida. Umeniuliza kama mahakama huweza kumpatanisha mkosaji na aliyemkosea. Mimi kizimbani sijawahi kusimama.

Uongo! Enzi za ujamaa nilichoma majani shambani, nikaenda kulewa, moto ukala mikorosho ya jirani yangu, Bi Somoe. Nikafikishwa mahakamani, nikangoja jela. Hakimu akamuuliza Bi Somoe anataka nini.

“Akifungwa atalishwa na serikali. Mikorosho yangu ataipanda nani? Nipeni huyo mlevi!”

Hakimu akakubali. Nikapanda, nikapalilia mpaka ikazaa, na kila mchana Bi Somoe akinipakulia ugali wa muhogo. Wallahi, hadi leo nimeduwaa: ugali ulikuwa mtamu, lakini haukushuka, maana alikuwa akinitazama.

Tochi yangu uliyoondoka nayo usiitume kwa basi. Ilete mwenyewe, nikutazame.

Babu yako