Mama Hakufanya Safari Yoyote

Mtaa wa Ngazi,
Mlima Jofeh,
Amman.
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Rawhi,

Amani ya Mungu iitangulie barua hii huko Santiago, ikukute umeamka vizuri na umekunywa kahawa yako. Hujambo? Marisol hajambo? Na Itidal mdogo, lile jino la mbele limeshaota? Mama ameniamuru niulize habari za jino kabla ya neno lingine lolote, nami unajua siwezi kumpinga.

Sisi hatujambo. Goti la Mama ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mimi ni mzima, ila nywele zimekuwa nyeupe na sizipaki rangi tena, kwa hiyo ukiniona usishtuke.

Zeituni zimekuwa haba mwaka huu, tumekamua madebe mawili tu. Mama amekutengea chupa yako ya mafuta kama kila mwaka. Zimefika kumi na moja sasa kabatini, na ile ya kwanza nadhani haifai hata kuwashia taa. Hataki niiguse.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ukiulizwa jambo zito unacheka na kubadilisha mazungumzo. Karatasi haikatizwi. Kaa chini usome.

Tangu nistaafu ualimu nyumba ilikuwa inanibana, basi mwezi wa tisa nikapata kibarua. Unamkumbuka Inas, yule binti aliyekuwa akikosea herufi ya hamza kila siku darasani kwangu? Sasa ni daktari wa chuo kikuu. Anafanya utafiti wa namna watu wanavyokwenda mjini: kwa nini huyu achague basi, yule teksi ya pamoja, na mwingine miguu yake mwenyewe. Wakubwa wanasubiri majibu hayo waamue mabasi gani yabaki na yapi yaondolewe. Wadodosaji tulikuwa sita, na mimi nikapewa mlima wetu.

Swali la kwanza kwenye dodoso lilikuwa: "Jana ulifanya safari ngapi?" Tuliagizwa tusome kama lilivyoandikwa. Na mimi, mwalimu wa lugha miaka thelathini, nililisoma kwa Kiarabu cha vitabuni, irabu zake zote, kama mtangazaji wa habari za saa mbili.

Sasa wewe umezaliwa hapa. Umewahi kumsikia nani akisema anafanya safari kwenda kununua malimau? Safari ni sanduku, na pasipoti, na watu kulia uwanja wa ndege. Kwenda kwa daktari, kwa dada, kwa fundi cherehani, hiyo kwetu ni mishwari. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Mimi nililisahau mara tu niliponingʼiniza kitambulisho shingoni.

Niliuliza wanawake sitini na watatu. Hamsini na mmoja walisema sifuri. Mmoja alinicheka machoni: "Safari? We mwalimu nawe! Safari yangu ya mwisho ilikuwa fungate, na hata hiyo tulirudi mapema, bwana harusi kaharisha!" Nikacheka naye, kisha nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kuuliza vibaya ni nini.

Inas alipotuonyesha jedwali la awali, ilionekana wanawake wa Jofeh karibu hawatoki nje. Kwa hiyo basi la saa nne asubuhi na lile la saa nane mchana, ambayo hayabebi wanaume wengi, yakaandikiwa kuondolewa. Nami nilitikisa kichwa kukubali, Rawhi. Mimi ninayemwona Mama akivaa viatu kila asubuhi ya Mungu.

Kilichonizindua ni kura. Nyumba yetu ilichaguliwa, na kwa kuwa hairuhusiwi mtu kumdodosa mama yake mzazi, akaja mwenzangu Hatem, karani wa benki aliyestaafu, mtu mpole anayenyoosha kalamu zake mezani kabla ya kuanza. Mimi nikaenda jikoni kutia kahawa motoni, nikawa nawasikia.

"Jana ulifanya safari ngapi, Umm Rawhi?"

"Safari? Mimi? Tangu nirudi kutoka Makka sijasafiri, baba. Pasipoti yenyewe imekwisha muda."

"Kwa hiyo sifuri."

"Sifuri. Lakini fanya haraka, Mungu akuweke. Nina mishwari, na basi langu linapita saa nne. Likiniacha nitakulaumu wewe."

Nilitoka na birika mkononi. Hatem alikuwa amekwisha kuandika sifuri, na mbele yake amekaa mwanamke aliyevaa viatu, mtandio, na mkoba begani. Nikamwambia, "Mama, jana ulikuwa na mishwari ngapi?" Akahesabu kwa vidole bila kufikiri: duka la dawa, kwa Shangazi Nuzha, mjini, na kurudi. Nne. Kahawa ilimwagika kwenye zulia, na mpaka leo doa lipo.

Hatem, maskini, akafuta kahawa na kuendelea. Akauliza kwa nini anachagua basi, wakati teksi ya pamoja inasimama mlangoni na basi mpaka ashuke ngazi arobaini na goti hilo. Bei? Muda? Usalama? Starehe? Sababu nyingine? Mama akainuka. "Andika unayoipenda. Mimi naondoka." Nikamfuata na kandambili zangu za ndani.

Unajua nani anaendesha basi hilo? Mutasim! Yule uliyekaa naye dawati moja, aliyekuwa akila mkate wako kila asubuhi. Mlango ulipofunguka akapaza sauti: "Karibu mama! Leo umechelewa, nilikuwa nakaribia kuja kukubeba!" Mama akampa mkate wa majani ya zaatari uliofungwa kwenye kitambaa, akakaa kiti cha nyuma yake.

"Mama, hivi Rawhi wako bado anaogopa paka?"

"Ana mtoto sasa, baba, ataogopaje paka?"

"Aa, mimi namjua! Huko aliko lazima anamtanguliza mkewe."

Abiria wote wakacheka. Inaonekana basi zima linakujua wewe, na hofu zako zote. Tulikwenda hadi mwisho wa njia, Mama akanunua fungu la kotimiri, tukarudi na basi lile lile. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumba yetu ina kotimiri ya kulisha mbuzi.

Tulipokuwa tunapanda ngazi, akasimama kwenye ya ishirini kupumzika. Akasema, "Suhad, wewe ni macho yangu, usinielewe vibaya. Tangu baba yenu afariki na Rawhi aondoke, hakuna sauti ya kiume inayoniita mama. Ya kwenye simu inakatikakatika. Hii naisikia vizuri."

Sitakuficha, kwanza nilimwonea wivu Mutasim. Mimi ninayempaka dawa ya goti, yeye anamwita tu! Halafu nikaona aibu, nikalia pale pale kwenye ngazi, na Mama akanifuta kwa ncha ya mtandio wake wenye harufu ya kotimiri.

Kesho yake nikaenda kwa Inas nikakiri. "Mwalimu," akasema, "umenivurugia jedwali langu zuri kuliko yote." Kisha akaongeza: "Na mama yangu mimi ningemwandikia sifuri vile vile." Tukarudia nyumba zote, safari hii kwa neno la nyumbani, na wanawake wale wale wakawa na mishwari tatu, nne, mmoja saba. Juzi Jumanne majibu yalitoka. Basi la saa nane hatukuliokoa, ila la saa nne linabaki.

Hatem alikuwa ameniachia ile nafasi ya "sababu nyingine, eleza." Nikaandika: dereva humwita mama. Inas alisema kompyuta haina namba ya jibu hilo, akalitungia.

Sasa nifike ninapokwenda. Basi linabaki, lakini Mutasim habaki. Mwezi wa tatu anahamia Akaba kuwa karibu na wakwe zake. Mama hajui. Kila nikitaka kumwambia, nakuta anafunga mkate kwenye kitambaa.

Miaka kumi na moja, Rawhi, nimekuuliza utasafiri lini kuja nyumbani, nawe kila mara unanijibu kwamba safari ni ndefu, inataka kujipanga. Nimekusamehe, maana na hilo swali nililiuliza vibaya. Ukimtajia mtu safari, anaona sanduku na zawadi za ukoo mzima, anasema sifuri. Basi sikuulizi habari za safari. Nakuuliza hivi: huna mishwari yoyote upande huu? Njoo na nguo ulizovaa. Njoo na fungu la kotimiri. Simama mlangoni, uite mara moja.

Nisalimie Marisol sana, na umbusu Itidal mdogo kwenye pengo la jino. Shangazi Nuzha anakusalimu, na Mutasim anasema deni la mkate analikumbuka. Mungu akufungulie njia kama alivyokufungulia ya kwenda, akuhifadhi kwa ajili ya waliokuzaa na uliowazaa.

Dada yako akupendaye bila kuhesabu,
Suhad

N.B. Mama amepita hapa akivaa viatu, akauliza barua itachukua muda gani kufika. Nimemwambia labda wiki tatu. Akasema, "Karatasi haina miguu, na inafika," akachukua mkoba wake akashuka ngazi.