Joto la Isiolo na Ndege Yetu

Kaari dada yangu,
Habari ya nyumbani? Hapa Isiolo jua ni kali mno. Mchana huu rubani wa ndege yetu ndogo ya kwenda Moyale alitaka abiria mmoja ashuke ili kupunguza uzito. Alisema ardhi inatuvuta chini kwa nguvu ileile ya siku zote, lakini hewa yenye joto ni nyepesi, haibebi mabawa vizuri. Abiria mwenzangu, Mama Qabale, ambaye binti yake ameshikwa na uchungu wa uzazi huko Moyale, akamwonyesha tai waliokuwa wakipanda juu bila kupiga bawa.

"Na hao, hawajasikia kuna joto?"

"Hao joto ndilo linalowainua, mama."

Nilichanganyikiwa kabisa. Mama Qabale akakataa kuondoka kitini, basi nikashuka mimi. Nitaondoka kesho alfajiri, hewa ikipoa. Ukielewa jambo hili, nieleze. Nakukumbuka sana.

Kendi wako