Nimebadilisha Oili ya Pikapu Yako

Ndugu yangu mdogo Noah,

Huku Soin tuko wazima, na majani ya chai yamechipuka vizuri. Ile pikapu uliyoiacha ulipokosana na Baba, nimeibadilisha oili mwenyewe hapa nyumbani. Usicheke. Ya injini na ya gia zilienda sawa. Kwa difu, ile ya ekseli ya nyuma, bingwa wako nikafungua nati ya chini kwanza, oili ikamwagika yote, ndipo nikagundua ya juu, ya kujazia, imeshika kutu. Shemeji yako Rodah akaniuliza, "Sasa fundi, utaijaza kwa maombi?" Jirani yetu Ooko ndiye aliyechomeka bomba kwenye mpini wa spana kuurefusha, nati ikalegea.

Haraka yangu ilikuwa Baba. Miguu imefura, pumzi inamkatika, na daktari anamtaka hospitali ya Kericho. Leo asubuhi amepanda mbele, akajifunga mkanda, kisha akanigeukia: "Wewe shuka. Mwenye gari aliondoka hapa kwa miguu, mimi nikiangalia. Anipeleke yeye."

Amekataa kushuka. Rodah amempelekea chai humo ndani.

Hapo Nakuru ulipo si mbali hivyo, Noah.

Kakako,
Kimeli